Mikono Miwili ya Kushoto

Watu walimwita Kimya, naye hakuwahi kulikataa jina hilo, kwa sababu kulikataa kungehitaji maneno.

Alikuwa fundi wa nguo. Chumba chao cha kazi kilitazama barabara, na ndani yake mlikuwa na cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, pasi yenye waya uliozungushiwa solotepu, na pazia la maua lililoficha kona ya kioo, mahali pa wateja kujaribia nguo zao. Cherehani ya pili ilikuwa ya mwenzake aliyeitwa Redio. Ungeingia pale asubuhi kuulizia zipu tu, ukatoka unajua nani kahama, nani kanuniana na mumewe, na mbwa wa nani kamng'ata nani. Wateja walipenda kuwaona wawili hao pamoja, mmoja akimwaga maneno na mwingine akiyakinga kwa kutikisa kichwa.

Hata kanisani Kimya alikuwa na sifa yake. Kwenye kikundi cha wanawake, kila mmoja alipotaja jambo la kuombewa, wengi walitaja ulimi. Nimemjibu mama mkwe vibaya. Nimemsema jirani. Zamu ya Kimya ilipofika, mama kiongozi alicheka kwa upendo na kusema, "Wewe mwanetu huna shida hiyo. Tuombee sisi wenye midomo."

Naye Kimya aliinamisha kichwa akawaombea wenye midomo, huku masikio yakimwaka moto. Laiti wangejua! Kichwani mwake palikuwa na kelele za soko zima, na lililopigiwa kelele zaidi ya yote lilikuwa jina la wifi yake.

Wifi huyo alikuwa dada mkubwa wa mume wake. Mambo yaliharibika siku ndugu walipokusanyika nyumbani kwa mama mkwe kumwona mtoto mchanga wa shemeji. Kimya alikuwa amemshonea mtoto kinguo cha pamba chenye vifungo vidogo kama punje za dengu. Wanawake wakakipitisha mkono kwa mkono, wakikisifu. Kilipomfikia wifi, alikiinua juu kila mtu akione, akasema, "Wifi yangu nguo za watoto anazijua vizuri. Ila kwa kuzishona tu."

Wengine walicheka. Wengine walitazama ndani ya vikombe vyao. Kimya, ambaye kila mwezi alikuwa akitumaini na kila mwezi akikata tamaa bila kumsumbua mtu, alitabasamu na kuanza kukusanya vyombo. Mume wake alikuwa nje na wanaume, hakusikia. Kimya naye hakumwambia.

Jibu lilimjia kesho yake, akiwa anafua. Mwanzoni lilikuwa refu na limejaa machozi. Akalipunguza. Siku iliyofuata akalibana kiunoni, akalifupisha pindo, akatoa maneno yaliyoning'inia. Kufikia mwisho wa mwezi lilikuwa jibu zuri kabisa, limekaa mwilini, limepigwa pasi: Afadhali mimi ninayeshonea watoto wa wenzangu, kuliko mwanamke aliyechubuka magoti kwenye lango la mwanaume.

Lilikuwa zuri kwa sababu lilikuwa kweli, na kwa sababu hakuna mwingine aliyeijua kweli hiyo.

Miaka ya nyuma wifi alikuwa na mchumba, na gauni la harusi lilikuwa limeshashonwa. Kisha harusi ikafa. Familia iliwaambia watu kwamba bibi harusi ndiye aliyebadili mawazo, na watu wakakubali. Lakini siku wifi alipolileta lile gauni kwa Kimya ili shanga zifumuliwe, alikaa nyuma ya pazia la maua akalia mpaka kope zikavimba. Akasimulia jinsi alivyomfuata yule mwanaume kazini kwake, akapiga magoti kwenye changarawe nje ya lango, akaomba. Mwanaume hakutoka. Alitoka mlinzi, akamwambia, "Dada, inuka, magari yanataka kupita." Kimya alimshika mkono siku ile, akaapa kwamba habari hiyo itaishia pale pale penye pazia.

Na kweli hakumwambia mtu. Ndiyo maana aliona hana kosa. Kwani amesema? Mawazo hayana mdomo, alijiambia, hayamchubui mtu. Alilitoa lile jibu kila alipokaa kwenye cherehani, akalinyonya taratibu kama pipi chini ya ulimi. Aliwaza mahali atakapolisema, nani atakuwepo, uso wa wifi utakavyobadilika. Kila mara lilikuwa tamu, na kila mara, utamu ulipokwisha, alibaki na uchungu fulani kooni, akalazimika kulianza upya.

Sasa wifi alikuwa amepata mchumba mwingine, mjane mmoja mpole, fundi wa majokofu, mtu wa kucheka taratibu. Jumamosi wazazi wake wangekuja kula chakula cha mchana kwa mama mkwe, ili pande mbili zifahamiane. Wifi akaleta kitambaa cha satini, rangi ya zambarau iliyoiva.

"Mikono mirefu," alisema akiwa amesimama mbele ya kioo huku Kimya akimpima. "Mpaka hapa kwenye kiwiko cha… siyo kiwiko, hapa mkononi kabisa. Na usinibane. Na kitambaa ni hiki hiki, dukani kimekwisha, nimechukua kipande cha mwisho. Kwa hiyo, wifi, macho kazini."

"Sawa, wifi," alisema Kimya.

Jumamosi, lilisema jibu kichwani mwake. Jumamosi watakuwepo wote.

*

Siku ya kukata, mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika na barabara ilikuwa inatoa mvuke. Redio alikuwa akisimulia habari ya jirani aliyenunua kochi lisiloingia mlangoni, mpaka wakang'oa dirisha. Kimya alitandaza satini mezani. Alikata mbele, akakata nyuma, vizuri tu. Ikabaki mikono.

Mkono wa nguo una mbele na nyuma yake. Upande wa mbele huchimbwa zaidi kidogo, ili mtu asibanwe kwapani anapojikunja. Kwa kawaida fundi hukunja kitambaa, uso kwa uso, akakata mikono yote miwili kwa mara moja, na yenyewe hutoka mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto. Lakini kipande kilichobaki kilikuwa chembamba, hakikukunjika. Ilibidi akate mmoja mmoja, na kwa mkono wa pili aigeuze karatasi ya kukatia, ile yenye umbo la mkono. Ni jambo ambalo mwanafunzi wa cherehani hufundishwa wiki ya kwanza.

Akachora wa kwanza kwa chaki. Kichwani ilikuwa Jumamosi. Mama mkwe amekaa pale, wageni pale, yeye anaingia na sinia la glasi. Mkasi ukala kitambaa kwa sauti yake laini. Wifi anasema kitu cha kumchoma, kama kawaida yake. Yeye anaweka sinia chini, taratibu, hana haraka. Akaisogeza karatasi pembeni, akachora wa pili. Wote wanamgeukia. Hawajawahi kumsikia. Anafungua mdomo. Mkasi ukala tena. Ukafika mwisho.

Alipoipachika kwa pini ndipo alipoona. Mkono wa kushoto ulikaa. Wa kulia ulijikunja, ukageuza kisigino kama mtu aliyevaa kiatu kisicho chake. Akafumua pini, akapachika upya. Akaugeuza nje ndani, lakini satini ina uso mmoja tu unaong'aa, na upande wa pili ulikuwa mfu kama karatasi. Akaketi.

Redio alinyamaza katikati ya habari ya kochi. Hilo peke yake lilikuwa tukio. Akaja mezani, akaweka mikono ya gauni sambamba, akaitazama.

"Mama yangu," alisema. "Wewe? Wewe umekata mikono miwili ya kushoto?"

Kimya akatikisa kichwa kukubali.

"Kitambaa kimebaki?"

Akatikisa kukataa.

Redio alivuta kiti. "Sikiliza, usilie. Tusaidiane akili. Wifi yako tunamjua, akinunua kitambaa hugombana na muuzaji mpaka vumbi linatoka. Mwambie kitambaa kilikuwa pungufu. Mwambie, wifi, ulipimiwa vibaya, mikono mirefu haikutosha, nikajitahidi hivi na hivi. Atakwenda kumalizia hasira zake dukani. Wewe hapo utakuwa umepona, na bado atakushukuru."

Ulikuwa uongo mzuri. Ungekaa bila kukunjika. Kimya aliona jinsi ulivyokuwa mwepesi kuuvaa, na jambo lililomtisha ni kwamba haukumshangaza. Ulikuja ukakaa kwenye kiti ambacho tayari kilikuwa na joto. Kwa muda wote huo alikuwa amemkaribisha mgeni mmoja ndani, lile jibu, akimlisha, akimwita mtu wangu, na sasa mgeni alikuwa ameanza kuita ndugu zake.

Alizitazama alama za chaki kwenye satini. Si kweli kwamba mawazo hayamchubui mtu. Haya yalikuwa yamechukua mkasi.

"Naomba nikae kidogo," alisema.

Akaingia nyuma ya pazia, akakaa kwenye kile kistuli cha wateja. Alijaribu kuomba, jibu likaja badala ya maombi. Akalifukuza, likarudi limependeza zaidi. Akalifukuza tena. Alikuwa kama mtu anayefagia maji kurudi bombani. Mwishoni akasema kwa sauti ndogo sana, "Bwana, mlango huu niliufungua mwenyewe, na sasa sijui kuufunga. Nisaidie. Na umsaidie…" Akataka kumtaja wifi, jina likakwama.

Basi akajaribu njia aliyoijua. Alikumbuka mwili wa wifi jinsi alivyoupima, kama fundi anavyokumbuka. Bega. Kifua. Kiuno. Na hapo akagundua kitu ambacho vidole vyake vilikuwa vimekijua na yeye hakuvisikiliza. Ile futi ya kupimia ilikuwa imezunguka kiunoni na kupitiliza. Mabega yalikuwa yameingia ndani. Alipomshonea gauni la harusi iliyokufa, wifi alikuwa mwanamke aliyejaa, wa kujaza mlango. Huyu wa juzi alikuwa amekonda, na aliomba mikono mirefu mpaka mwisho, na asibanwe.

Umekonda, wifi, na mimi nilikuwa nawaza magoti yako.

"Umsaidie wifi yangu," alisema Kimya, na safari hii jina lake pia likatoka. Akalisema mara ya pili, kulizoesha.

Alipotoka, alichukua simu. Redio akamtazama kwa matumaini. "Unamwambia habari ya muuzaji?"

"Namwambia aje."

*

Wifi alifika jioni kabla jua halijashuka, mkoba ukimteleza begani kila hatua.

"Limekwisha?"

"Bado, wifi. Karibu ukae."

"Sikai. Mtu akiniambia kaa, najua kuna balaa."

Kimya akaweka mikono miwili ya satini mezani, mbele yake. "Nimeikata vibaya. Yote miwili ni ya kushoto. Na kitambaa kimekwisha."

"Kimekwisha vipi? Si ulisema kinatosha?"

"Kilitosha. Kosa ni langu."

Kule kwenye cherehani yake Redio alikohoa, kikohozi cha mtu aliyeona bidhaa yake nzuri ikikosa mnunuzi.

Wifi aliishika mikono ile, akaigeuza, akaigeuza tena. Uso wake ulianza kubadilika rangi. "Umefanya makusudi."

"Hapana, wifi."

"Makusudi! Fundi wa miaka yote hii, leo ndiyo hujui kulia na kushoto? Kwenye nguo yangu mimi? Wiki hii?" Sauti ilipanda, na mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na kapu barabarani akapunguza mwendo. "Unajifanya mpole, mtu wa maombi, macho chini kama kuku aliyenyeshewa! Kumbe hutaki nipendeze. Wewe hutaki niolewe! Mtu asiye na lake hupenda wenzake nao wakose!"

Hapo jibu likaja.

Halikuja mbio. Lilikuja limenyooka, limepigwa pasi, kila neno mahali pake, likasimama nyuma ya meno likingoja mlango ufunguliwe. Hata Jumamosi hakukuwa na haja ya kuisubiri. Redio alikuwepo, na kumwambia Redio ni kuuambia mji. Kungekuwa na sekunde moja ya utamu ambao hajawahi kuuonja.

Mkoba wa wifi ukateleza tena begani. Wifi akaupandisha. Ukateleza. Bega lile zamani lilikuwa linashika mkoba.

Bwana, funga, alisema Kimya moyoni. Hakupata maneno mengine.

"Sikufanya makusudi," alisema kwa sauti. "Lakini wakati nakata, nilikuwa nakuwazia vibaya, wifi. Nilikuwa nakuwazia vibaya sana, wala sikutazama mkasi. Kwa hiyo siwezi kusema ni bahati mbaya tu."

Cherehani ya Redio ilisimama.

Wifi alikuwa amejiandaa kwa machozi, au kwa kisingizio, si kwa hili. Akamtazama Redio, akamtazama yule wa kapu, kisha akamshika Kimya mkono na kumvuta nyuma ya pazia la maua.

"Kuniwazia nini?" alinong'ona.

"Siwezi kusema."

"Sema!"

"Ni jibu, wifi. Nimelishona muda mrefu. Sitaki ulivae."

Nje ya pazia kulikuwa kimya kabisa, kile kimya cha mtu anayesikiliza kwa mwili mzima. Kisha kiti kikalia, mguu ukakanyaga pedali, na cherehani ya Redio ikaanza kunguruma kwa nguvu zake zote, mfululizo, bila kusimama mahali ambapo mshono wowote wa duniani ungesimama.

Wifi aliketi kwenye kile kistuli. Alikiangalia kioo, hakumwangalia Kimya. "Ni habari ya lango," alisema.

Kimya akainamisha kichwa.

"Nilijua. Tangu siku niliyokuambia, sijapumua vizuri. Kila ukiingia mahali nilipo, nawaza, leo atasema. Wewe huongei! Mtu anayeongea unamjua, unajua anapoishia. Wewe unakaa pale na vikombe vyako, na mimi nawaza, huyu anasubiri nafasi." Akashusha pumzi. "Siku ile ya mtoto nilikusema mbele za watu ili uwe mdogo. Nilidhani ukiwa mdogo sitakuogopa. Nilipofika nyumbani sikuweza hata kula. Ni neno baya nililosema."

"Liliniumiza," alisema Kimya. Lilikuwa neno moja tu, na hakuwahi kulitoa kwa mtu yeyote, hata kwa mume wake. Alishangaa lilivyo jepesi likiwa nje. "Liliniumiza sana, wifi. Na wewe hukukosea. Nilikuwa nasubiri nafasi kweli. Hapo mwanzo sikuwa nasubiri, ila baada ya siku ile, ndiyo."

"Na leo ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo."

Wifi alitikisa kichwa taratibu, mdomo ukaanza kumcheza. Machozi yakaanguka, naye, kwa kukosa kitu cha karibu, akanyanyua mkono mmoja wa satini aliokuwa bado ameushika, akaupeleka machoni.

"Wifi!" Kimya alipiga kelele ambayo hata yeye hakujua anayo. "Satini haifutiwi machozi! Inabaki na alama!"

Wifi aliganda, mkono wa gauni umening'inia hewani. Wakatazamana kwenye kioo. Wa kwanza kucheka alikuwa wifi, kicheko cha puani chenye kamasi, kisha Kimya, na mwishowe wakawa wameshikana mabega, wakicheka kama wasichana waliofukuzwa darasani.

"Nilitaka mirefu ili nisionekane nimekonda," alisema wifi alipopata pumzi. "Silali vizuri. Naogopa huyu naye atabadilika. Naamka nawaza lango."

"Nimeona. Futi iliniambia." Kimya alichukua ile mikono, akaipima kwa jicho, na kichwa chake, ambacho sasa kilikuwa na nafasi, kikaanza kufanya kazi yake. "Huu mrefu wa pili, nikiukata upya chini yake, unatoa mfupi wa kulia. Huu mwingine naufupisha ulingane. Mifupi, iliyojaa begani, yenye mikunjo. Mikunjo itakupa bega. Hakuna atakayeona kukonda. Wataona gauni."

"Una hakika?"

"Nitaigeuza karatasi," alisema Kimya.

Walipotoka, cherehani ya Redio ilikuwa bado inanguruma. Kimya akatazama chini ya sindano. Hapakuwa na kitambaa. Hapakuwa hata na uzi.

"Mimi sikusikia kitu," Redio alitangaza, akiondoa mguu kwenye pedali na kujipangusa jasho. "Nataka mjue hivyo. Nilitaka kusikia, Mungu wangu ni shahidi, nilitaka mpaka masikio yakaniwasha. Nimeshona hewa tupu. Msinisimulie, maana sijui kama kesho nitakuwa na nguvu hizi."

*

Jumamosi nyumba ya mama mkwe ilinukia sabuni ya sakafu na vitunguu. Wazazi wa mjane walikuwa watu wapole waliokaa ukingoni mwa makochi kama wanaoogopa kuyachafua. Wifi aliingia na gauni lake la zambarau, mabega yamejaa, na mchumba wake akasahau alichokuwa anasema kuhusu kompresa ya jokofu.

Kimya alikuwa jikoni akipanga glasi kwenye sinia. Na pale, katikati ya sauti za vyombo, lile jibu likapita mlangoni, likachungulia. Afadhali mimi… Halikuwa limekufa. Alikuwa ametumaini litakuwa limekufa, na kwa muda alivunjika moyo. Lakini aliligundua mapema, kabla halijakaa, na hakulivutia kiti. Akalitaja jina la wifi kwa Mungu, kama alivyokuwa akifanya wiki hiyo kila lilipokuja, kisha akanyanyua sinia.

Sebuleni mama wa bwana harusi alikuwa akiuliza habari za kila mmoja, kwa wema. "Na huyu mke wa kijana wenu, nasikia ni fundi?"

"Huyo?" alisema wifi, na alikuwa na wasiwasi wa wageni, na ulimi wake ukashika njia uliyoizoea. "Huyo wifi yangu, yeye kazi yake ni kushonea watoto wa…"

Akakoma. Uso ukamwiva. Neno likabaki limening'inia sebuleni, na kila mtu akilingoja limalizike. Macho yake yakamtafuta Kimya, na Kimya aliyatambua: yalikuwa macho ya mtu aliyepiga magoti kwenye changarawe, anayesubiri kuona atakayetoka ni nani.

Kimya akaweka sinia chini, taratibu. Wote walikuwa wamemgeukia, kama alivyokuwa amewaza mara nyingi.

"Nawashonea watoto na wakubwa, mama," alisema. "Ila nikikosea nakosea kweli. Hili gauni mnaloliona, mara ya kwanza nililikatia mikono miwili ya kushoto. Tungemleta wifi hapa akiwasalimia kwa upande mmoja tu."

Walimtazama kama watu waliosikia jokofu likiongea. Kisha baba wa bwana harusi akaangua kicheko, akajipiga pajani, na mama mkwe akacheka mpaka akafuta macho, na mjane akasema kwamba yeye mwenyewe aliwahi kufunga mlango wa jokofu ukafungukia ukutani. Wifi alikuwa anacheka pia. Alipopita kuchukua glasi, aliubana mkono wa Kimya kwa nguvu, akauachia.

Walirudi nyumbani kwa miguu, yeye na mume wake.

"Leo umeongea," alisema mume wake njiani.

"Nimeongea."

"Mbele ya watu. Na wamecheka."

"Kuna mengine pia," alisema Kimya, "ya kukuambia wewe. Kuna jambo liliniuma siku ile ya mtoto, na sikukuambia."

Mume wake akapunguza mwendo ili wawe sambamba. "Niambie," alisema. Naye akaanza kumwambia, kwa sauti yake ndogo, njia nzima.

Jumatatu kulikuwa na sare za shule za kukata. Redio alikuwa amepata habari mpya ya lile kochi: limeingia, sasa dirisha ndilo halirudi. Kimya alitandaza kitambaa, akakikunja uso kwa uso, akapitisha kiganja juu yake kuhakikisha hakuna kilichojikunja ndani. Wazo moja la zamani likabisha. Akalisikia. Akasema jina la wifi, polepole, kama mtu anayefunga kifungo, kisha akashika mkasi.

"Unaongea na nani?" aliuliza Redio.

"Naomba," alisema Kimya. "Hebu niambie, dirisha limekuwaje?"